Kibali cha kazi Ujerumani kwa muuguzi wa Kitanzania: anza na cheti chako

Swali: Shikamoo. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nina miaka 34, na nimefanya kazi hospitali ya mkoa huku Kanda ya Ziwa kwa miaka saba. Nina mtoto wa miaka 9 ninayemlea mwenyewe. Kuna wakala Dar es Salaam anasema atanipeleka Ujerumani kwa "kadi ya fursa", kisha kibali cha kazi nitakishughulikia nikishafika, na ndani ya miezi mitatu nitamchukua mwanangu. Anataka shilingi milioni 7.5, na vyeti vyangu halisi nimeshampa. Kijerumani changu kiko A1, ngazi ya mwanzo (juu yake ni A2, B1, kisha B2). Je, nikifika kibali nitakipata kweli? Na mtoto je?

Jibu: Marahaba, dada. Kwa kadi hiyo unaweza kufika Ujerumani, hilo halina ubishi. Ila kuingia wodini kama muuguzi hutaweza, na mtoto ndani ya miezi mitatu usimuahidi. Ngoja nikueleze mambo yanavyokwenda, maana huyo wakala amechanganya ukweli kidogo na maneno mengi.

Kwetu Tanzania mgeni anayekuja kufanya kazi hubeba karatasi mbili: kibali cha kazi anachopewa na Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi anachopewa na Uhamiaji. Ujerumani hawana utaratibu huo. Tangu Januari 2005 ruhusa ya kufanya kazi huandikwa ndani ya kibali cha ukaazi chenyewe. Kwa hiyo hakuna "kibali cha kazi" cha kwenda kukishughulikia baadaye kama kitu cha pembeni. Kuna viza na kadi ya ukaazi, na juu yake kumeandikwa namba ya kifungu cha Sheria ya Ukaazi. Namba hiyo ndiyo inayoamua ufanye kazi gani, kwa mwajiri yupi, kwa muda gani, na miaka yako ya kuomba ukaazi wa kudumu ianze kuhesabiwa lini. Wauguzi wawili wanaweza kupanda ndege moja, wakafanya kazi jengo moja, na baada ya miaka mitatu mmoja akawa anajaza fomu ya ukaazi wa kudumu huku mwenzake akihangaika asirudishwe, kwa sababu ya namba hiyo tu.

Kadi ya fursa ni kifungu cha 20a. Ilianza tarehe 1 Juni 2024 na ni halali kabisa. Lakini ni kadi ya kutafutia kazi. Unapewa hadi mwaka mmoja, na wakati unatafuta unaruhusiwa kufanya kazi ndogo isiyozidi saa 20 kwa wiki, pamoja na kazi za majaribio za wiki mbili mbili. Pia lazima uonyeshe una fedha za kujikimu: kwa mwaka 2025 kiwango kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, yaani euro 13,092 kwa mwaka mzima, kwa kawaida zikiwa kwenye akaunti maalumu inayokuachia kiasi kidogo kila mwezi. Kwa fedha yetu ni zaidi ya milioni 30. Muulize wakala hizo zinatoka wapi, maana ndani ya ile 7.5 yake hazimo.

Kadi hii inamfaa fundi wa kompyuta au mhasibu, ambaye akipata mwajiri anaanza kazi kesho. Uuguzi Ujerumani ni taaluma inayodhibitiwa na sheria kama ilivyo kwetu chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga: bila leseni ya Kijerumani huitwi muuguzi, hata uwe na uzoefu wa miaka ishirini. Ukifika na kadi ya fursa bila kuwa umeanza utaratibu wa leseni, mwaka wako utaishia kwenye kuosha vyombo saa 20 kwa wiki huku ukisubiri majibu ya barua ambazo ungeweza kuziandika ukiwa nyumbani, unaendelea kulipwa mshahara wako wa serikali.

Sasa kuhusu wakala mwenyewe, kuna jambo ambalo nina hakika hajakuambia. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Ile iliyotolewa 2023 ina nchi 55, na Tanzania imo. Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo pia. Kenya haimo. Kanuni za ajira za Ujerumani, kifungu cha 38, zinasema kwamba kwenye nchi za orodha hiyo hakuna anayeruhusiwa kwenda kusaka wauguzi wala kuwaunganisha na waajiri isipokuwa Shirika la Ajira la serikali ya Ujerumani, Bundesagentur für Arbeit. Kampuni binafsi ikifanya hivyo inaweza kutozwa faini hadi euro 30,000. Kwa hiyo mtu anayekuambia "nina hospitali Ujerumani inataka wauguzi wa Kitanzania, lipa nikuunganishe" anauza huduma ambayo sheria ya huko huko imeikataza.

Wewe mwenyewe hujakatazwa chochote. Sheria inawabana wanaokuja kuchukua watu; muuguzi anayeamua kwa hiari yake kuandika barua, kuomba utambuzi wa cheti na kutafuta mwajiri yuko huru. Na hii ndiyo sababu nawashauri Watanzania waende wenyewe bila dalali. Ni polepole, lakini kila karatasi itakuwa na jina lako na itakaa mikononi mwako.

Usichanganye na habari za Kenya. Ule mkataba wa wafanyakazi uliosainiwa Berlin tarehe 13 Septemba 2024 mbele ya Rais Ruto na Kansela Scholz ni wa Kenya na Ujerumani pekee. Hata hizo habari kwamba Ujerumani imeahidi nafasi 250,000 kwa Wakenya, serikali ya Ujerumani ilizikanusha siku hizo hizo: mkataba hauna idadi yoyote. Mawakala wengi bado wanaitangaza namba hiyo hadi Mwanza na Bukoba.

Kazi yako ya kwanza basi ni utambuzi wa cheti, ambao kwa Kijerumani utauona ukiandikwa Anerkennung. Maombi hupelekwa kwenye mamlaka ya jimbo utakakofanya kazi, na majimbo yako 16. Ukipata mwajiri Berlin, faili lako litakwenda ofisi inayoitwa LAGeSo. Ukipata Köln au Dortmund, litakwenda Münster. Kama huna mwajiri bado, andikia ile ofisi ya ushauri ya serikali iliyoko Bonn, ZSBA. Wanashauri bure watu walio nje ya Ujerumani, watakuambia jimbo gani linakufaa na karatasi gani zinakosekana. Bure, dada. Sehemu kubwa ya ile milioni 7.5 ni kazi ambayo ofisi hii inaifanya bila kulipwa na wewe. Ada ya mamlaka yenyewe ya utambuzi hutofautiana kwa jimbo, kwa kawaida kati ya euro 100 na 600, na juu yake utaongeza gharama za tafsiri.

Karatasi zenyewe unazijua: pasi, wasifu, cheti cha stashahada, leseni na usajili wa Baraza, barua ya Baraza kwamba huna kosa la kitaaluma, barua za kazi. Inayowakwamisha wengi ni moja, nayo ni mchanganuo wa masomo na saa. Mjerumani hajali sana kama ulipata A au B ya famakolojia. Anataka kujua ulisoma saa ngapi darasani na saa ngapi wodini, wodi ipi. Mafunzo yao ya miaka mitatu yana angalau saa 2,100 za nadharia na 2,500 za vitendo, na afisa atayalinganisha na yako mstari kwa mstari. Transkripti ya kawaida ya chuo haionyeshi hayo. Rudi chuoni kwako, zungumza na mwalimu wa taaluma, upate mtaala uliosomea pamoja na barua yenye mhuri inayotaja saa za kila somo na kila zamu ya vitendo: watoto, upasuaji, afya ya akili, wazazi, jamii. Kama chuo kimebadilishwa jina au kimefungwa, anza mapema zaidi. Nimeona mafaili mazuri yakikaa mwaka mzima yakisubiri ukurasa huo mmoja tu.

Faili likikamilika, sheria inawapa miezi mitatu hadi minne kujibu, ingawa majimbo yenye foleni huchelewa. Jibu utakalopata huenda likasema mafunzo yako yana mapengo. Usivunjike moyo, kwa watu wa nje ya Ulaya hiyo ndiyo kawaida. Mara nyingi pengo ni uuguzi wa wazee, ambao kwetu hausomwi kwa kina maana wazee tunawatunza nyumbani. Barua hiyo ya mapengo haikufungii mlango, badala yake ndiyo inayokupa njia ya kuombea viza. Itakuambia uchague kufanya mtihani wenye sehemu ya mdomo na sehemu ya wodini, au kufanya mafunzo ya kuziba pengo chini ya usimamizi. Tangu Januari 2024 unaweza hata kuomba wasilinganishe saa zako zote, uende moja kwa moja kwenye mtihani au mafunzo hayo. Kwa mtu ambaye chuo kinamzungusha kutoa mtaala, hiyo ni njia ya kufikiria sana.

Ukiwa na barua hiyo, mkataba wa mwajiri na Kijerumani cha kutosha, viza yako itakuwa ya kifungu cha 16d: kukaa Ujerumani kwa ajili ya kukamilisha utambuzi. Hutolewa hadi miezi 24 na inaweza kuongezwa ifike 36. Kuna pia mlango mwingine ndani ya kifungu hicho hicho, uliofunguliwa Machi 2024, unaomruhusu mtu kuingia kabla hajaomba utambuzi, kwa makubaliano ya maandishi na mwajiri kwamba wataushughulikia pamoja. Unahitaji cheti kinachotambuliwa na serikali ya kwenu, mafunzo yasiyopungua miaka miwili, mkataba na Kijerumani cha A2. Ni mzuri kwa mwenye mwajiri mwaminifu. Ubaya wake ni kwamba unaingia bila kujua mapengo yako ni makubwa kiasi gani. Kwa hali yako, mwenye mtoto, ningesubiri barua nikiwa nyumbani.

Utakapofaulu mtihani na kupata leseni, kadi inabadilishwa kuwa kifungu cha 18a, cha mfanyakazi mwenye ujuzi, na hapo ndipo maisha yako ya Ujerumani yanaanza rasmi. Saa ya ukaazi wa kudumu inaanza kuhesabu hapo: miaka mitatu ukiwa na kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi, michango ya pensheni ya miezi 36, Kijerumani cha B1, mahali pa kuishi, na mtihani mdogo kuhusu sheria na maisha ya nchi. Miezi uliyokaa na 16d haiingii kwenye hiyo miaka mitatu. Kwa hiyo anayeahirisha mtihani wa leseni mara kwa mara anajichelewesha mara mbili, kwenye mshahara na kwenye ukaazi. (Wasomaji wenye zaidi ya miaka 45: kwenu kuna sharti la ziada la kiwango cha mshahara au pensheni. Wewe halikuhusu.)

Mshahara nao una ngazi mbili hizo hizo. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini kwenye taasisi za matunzo kilikuwa euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi na 20.50 kwa muuguzi mwenye leseni. Kwa wiki ya saa 39 hiyo ni kama euro 2,700 kwa mwezi ukiwa msaidizi, na karibu 3,450 ukishapata leseni, kabla ya makato. Makato ni mazito: kodi, pensheni, bima ya afya, bima ya kukosa kazi. Kwa mtu asiye na mwenza, karibu theluthi moja inaondoka kabla hujaiona. Piga hesabu zako kwa kiasi kitakachobaki, kisha toa kodi ya nyumba.

Mkataba wa ajira usome wote, hata kama ni kwa msaada wa mwalimu wako wa Kijerumani. Tafuta hasa kifungu kinachosema ukiacha kazi kabla ya miaka kadhaa unarudisha gharama za mafunzo, nauli na lugha. Waajiri wengi wanakiweka, na kiasi kinaweza kuwa maelfu ya euro. Kifungu cha aina hiyo mahakama za kazi za huko huweza kukikataa kikiwa hakina uwiano, lakini wewe hutaki kuanza maisha ugenini kwa kesi. Jadili kabla ya kusaini. Na mwajiri aliye makini muulize kama yuko tayari kutumia utaratibu wa haraka kupitia Idara ya Wageni ya mji wake. Ada yake ni euro 411, na mwajiri ndiye anayeomba kwa niaba yako ukimpa idhini ya maandishi. Faida yake ni kwamba mamlaka ya utambuzi inapaswa kujibu ndani ya miezi miwili faili likiwa kamili, na ubalozi unapaswa kukupa miadi ndani ya wiki tatu baada ya kibali cha awali kufika. Viza yenyewe ni euro 75 na maombi siku hizi hupakiwa kwanza mtandaoni. Hakikisha yamekamilika kabla hujayatuma, kwa sababu tangu Julai 2025 ile barua ya kupinga ubalozini mtu akinyimwa viza imefutwa. Kilichobaki ni kuomba upya au kwenda mahakamani Berlin.

Lugha. Hapa nitakuwa mkali kidogo. A1 yako ni salamu na kununua mkate. Kwa viza ya muuguzi lenga B1 mkononi, na kwa leseni majimbo yanataka B2. Hiyo A2 ya kwenye sheria haitakusaidia siku bibi wa miaka 88 anapokueleza kwa lafudhi ya kijijini kwao kwamba kifua kinambana. Chukua mtihani wa Goethe au telc. Goethe-Institut iko Dar es Salaam, na masomo ya mtandaoni yapo. Ukisoma kila siku baada ya zamu, B1 ndani ya mwaka inawezekana. Kama kuna mahali pa kuweka sehemu ya ile milioni 7.5, ni hapa.

Ukifika, wiki mbili za kwanza ujiandikishe manispaa ukiwa na barua ya mwenye nyumba. Bila hiyo hakuna namba ya kodi na hata benki inakuwa shida. Omba miadi Idara ya Wageni mapema, maana viza ya kuingilia ni ya miezi michache na miadi ni adimu. Ukiomba kabla viza haijaisha, watakupa karatasi ya muda inayolinda haki zako zote mpaka kadi itoke. Kadi ikitoka, itakuja na karatasi ndogo ya kijani iitwayo Zusatzblatt. Watu huitupa droo. Isome: ndiyo inayotaja jina la mwajiri na kazi unayoruhusiwa. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujauliza Idara ya Wageni, na mkataba ukivunjika una wiki mbili za kuwaarifu.

Sasa mwanao. Ukiwa na 16d kumwita siyo marufuku, lakini lazima uonyeshe mshahara unawatosha wote wawili na mna nyumba, na kwa mshahara wa msaidizi afisa atakokotoa kila senti. Ukishakuwa na 18a mambo yanalegea sana. Kwa kadi ya fursa usilitegemee kabisa. Ningepanga aje mwaka wa pili, wakati wewe una leseni, unajua shule iko wapi na nani atakaa naye ukiwa zamu ya usiku. Hilo la zamu ya usiku mawakala hawaligusi, na ndilo linalowatoa jasho akina mama wanaolea peke yao: mwambie mwajiri tangu mahojiano kwamba una mtoto. Karatasi zake zianze sasa: cheti cha kuzaliwa cha RITA chenye majina yaliyoandikwa sawasawa na kwenye pasi yako, pasi yake mwenyewe, na suala la baba. Kama baba ana haki ya malezi, watataka idhini yake ya maandishi. Kama hayupo au hamwelewani, utahitaji amri ya mahakama inayokupa malezi. Usingoje hadi uwe Ujerumani ndipo uanze kumtafuta baba mtu kwa simu.

Kwa jumla ona hii kama safari ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili kabla ya ndege. Najua si jibu ulilotaka. Kama miaka hiyo ni mirefu mno, kuna njia ya tatu: kwenda kama mwanafunzi wa uuguzi kwa miaka mitatu, kifungu cha 16a, kwa Kijerumani cha B1. Unalipwa zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato kwenye hospitali za umma tangu mwaka wa kwanza, na ukimaliza hakuna wa kukuuliza habari za utambuzi. Kwa binti aliyemaliza kidato cha sita ningeipigia debe. Kwako, mwenye stashahada, miaka saba ya wodi na mtoto wa kulisha, ni kurudi darasa la kwanza bila sababu.

Mwisho, vyeti. Nenda Dar wiki hii, au umtume ndugu unayemwamini akiwa na barua yako, uvichukue. Hakuna mamlaka ya utambuzi inayohitaji cheti halisi kikae kwa wakala. Wanataka nakala zilizothibitishwa na tafsiri, na siku ya miadi ubalozini unakwenda na vyeti halisi mwenyewe. Akikuambia viko "kwenye mchakato", mwombe akuandikie viko ofisi gani na kwa namba gani ya faili. Akishindwa, toa taarifa polisi upate namba ya taarifa ya upotevu, kisha uende Baraza na chuoni kuomba nakala. Na hela, kama hujalipa, usilipe.